Kucha ndiyo inayokagua rimu

Rimu nyingi za alumini ninazoletewa zimekwaruzwa pembeni, pale dereva alipojibana kuegesha mjini akaparuza mawe ya ukingo wa barabara. Mikwaruzo hiyo unaweza kuiondoa mwenyewe, hata kama nyumbani ni ploti ya Umoja yenye kamba za nguo kila upande. Ila kabla ya kununua msasa, fungua gurudumu, lioshe mbele na nyuma, kisha ulitazame juani. Mashimo ya Nairobi hupasua rimu upande wa ndani, ambako hakuna anayeangalia. Ukiona ufa, kazi ya rangi imeishia hapo. Fila, ule uji mzito wa kujazia mashimo, itauficha, nawe utaendelea kubebwa na rimu iliyopasuka.

Angalia pia kama uso una mistari myembamba ya duara, kama ya sahani ya santuri. Huo ulichongwa kwa mashine ya kukereza, na msasa wa mkono utaifuta mistari hiyo na ukiwa nyumbani huna njia ya kuirudisha. Kama huko tayari kuipaka rimu yote rangi, iache.

Sasa msasa. Naanza na namba 120 au 180 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), kwenye mkwaruzo wenyewe tu. Palipochimbika najaza fila kidogo, inakauka, nasawazisha. Halafu 240, 320, na mwisho 400 kwa maji. Usiruke. Kila namba inafuta alama za iliyoitangulia, na ukitoka 120 ukaenda moja kwa moja hadi 400, mistari usiyoiona leo itajitokeza rangi ikianza kung'aa. Rangi ya zamani nayo ishuke kwa mteremko hadi kwenye alumini. Fumba macho, pitisha kucha kutoka kwenye rangi hadi kwenye alumini tupu. Ikikwama, bado. Sina kifaa ninachokiamini kuliko kucha yangu.

Ukikuta nyuzi nyeupe kama minyoo chini ya kliya, yaani ule utando angavu wa juu ya rangi, hiyo ni kutu ya alumini. Ifuate kwa msasa hadi uipite kabisa. Ukibakisha kipande, itatambaa tena chini ya rangi mpya. Usitumie brashi ya waya wa chuma, kwa kuwa chembe zake hubaki kwenye alumini na kuleta kutu. Kostiki soda pia usiisogeze karibu: huila alumini yenyewe.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Alumini ikiguswa na hewa hujivika upya utando wa oksaidi, na praima ya kawaida, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, haiushiki vizuri. Kwa hiyo maliza msasa, kausha, futa kwa spiriti, na upulize praima siku hiyo hiyo. Usiiache rimu ilale. Tafuta praima iliyoandikwa kuwa ni ya alumini, ya epoksi au ya asidi. Palipo na fila natumia epoksi, maana asidi na fila hazipatani. Msimu wa mvua na asubuhi za baridi za Julai sipulizi. Nasubiri jua lipande, la sivyo unyevu huigeuza kliya kuwa nyeupe kama maziwa. Zungushia karata kati ya tairi na rimu, zinakinga kuliko tepu.

Vaa barakoa hata unaposugua kwa maji. Kliya ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ni hatari zaidi: barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Nyumbani tumia ya mkebe isiyo na hadina, na upulizie mahali penye hewa, mbali na watoto na nguo za majirani.

Mwaka jana nililetewa gari lililoanza kugonga likiwa Thika Road. Rimu zilikuwa zimepakwa rangi vizuri kweli, lakini aliyezipaka alipitisha rangi hadi kwenye viti vya nati, yaani pale nati zinapokalia rimu. Rangi ile ilibanwa, ikapondeka, nati zikalegea. Ziba viti hivyo kabla ya kupuliza, pamoja na sehemu ya nyuma inayokaa kwenye habu, kitovu cha gari kinachobeba gurudumu. Ukirudisha gurudumu, kaza kwa mtindo wa nyota, yaani nati moja kisha ile ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia nguvu. Toyota nyingi ndogo hukazwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini hakikisha kwenye kitabu cha gari lako. Ukishatembea kilomita 100 hivi, zikague tena zote.