Miezi miwili ya Twitter haikuwa kiinua mgongo

Wengi huamini kwamba kampuni ya Marekani ikipunguza wafanyakazi, sheria ya shirikisho huilazimisha kuwalipa kiinua mgongo. Sivyo. Sheria ya WARN ya 1988, inayohusu kuachisha kazi watu wengi kwa pamoja, hudai notisi ya siku 60 tu, tena kwa waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi. Ndiyo maana Twitter ilipoachisha karibu nusu ya watu wake Novemba 2022, wengi walibaki kwenye orodha ya mishahara miezi miwili. Hiyo ilikuwa notisi. Kiinua mgongo kilitegemea ahadi ya mwajiri, na ugomvi ukazuka hapo: walipewa mshahara wa mwezi mmoja, kwa sharti la kusaini kwamba hawatashtaki, ilhali walidai waliahidiwa zaidi. Inauma. Tanzania, sheria yenyewe hutaja kiwango: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10.