Ufito wa mwanzi si lazima uwe mlegevu

Wavuvi wa trauti, samaki wa mito ya maji baridi, wameambiana kwa miaka mingi kwamba ufito wa mwanzi wa kuvulia kwa nzi bandia ni mzito, mlegevu, wa kutundikwa ukutani tu. Si kweli.

Huu si mwanzi mzima uliokatwa kichakani. Fundi hupasua mwanzi wa Tonkin, unaomea Guangdong, Uchina, akachonga vijiti sita vya pembetatu vinavyopungua unene kuelekea nchani, kisha akavigandisha kwa gundi viwe ufito mmoja wenye pande sita. Kupungua huko ndiko kunakoamua tabia yake: tofauti ndogo kuliko milimita hutosha kuufanya ujikunje hadi mpinini, au upinde nchani tu. Wengi walishika ufito mmoja uliochoka, wa babu, wakahukumu fito zote.

Uzito? Wa futi 7 huwa karibu gramu 100. Wa futi 9, hapo kweli mkono utachoka. Kwa kijito chembamba ningechukua wa futi 7 au 7.5, wa mshipi namba 4 (namba ni kipimo cha uzito wa mshipi; 4 ni mwepesi). Kabla ya kulipa, funga mshipi wenyewe na urushe mita 8 hivi. Kuutikisa dukani ukiwa mtupu hakukuambii kitu.