Borgata: mitaa ya pembezoni iliyomleta Pasolini kwenye filamu

Borgata ni mtaa wa maskini uliojengwa pembezoni kabisa mwa Roma, mbali na katikati ya jiji na mbali na ajira. Wapenzi wa filamu hulikuta jina hilo kila anapotajwa Pier Paolo Pasolini, mshairi na mwongozaji filamu wa Italia, na si bure: bila borgata huenda angebaki mshairi tu.

Mitaa hiyo haikuota yenyewe. Serikali ya Mussolini ilibomoa nyumba za katikati ya jiji ili kupitisha barabara za gwaride (ile iendayo Koloseo, uwanja wa kale wa Warumi, ilifunguliwa 1932), na baadhi ya waliobomolewa wakapelekwa borgata kama Gordiani, Pietralata na Primavalle. Baada ya vita wakaongezeka wahamiaji kutoka kusini. Sheria ya 1939 ilimnyima mhamiaji ukaazi wa jijini kama hana kazi, na bila ukaazi kazi hapati. Mtego huo haukuondolewa hadi 1961.

Pasolini mwenyewe hakuzaliwa humo. Alizaliwa Bologna mwaka 1922. Baba alikuwa afisa wa jeshi, mama mwalimu kutoka Casarsa, mkoani Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia. Mashairi yake ya kwanza, ya 1942, aliyatunga kwa lugha ya huko kwa mama yake, wala si kwa Kiitaliano sanifu. Mwaka 1949 kashfa ilimpokonya ualimu pamoja na uanachama wa Chama cha Kikomunisti. Mapema 1950 akakimbilia Roma na mama yake, na baadaye wakapanga Rebibbia, mtaa wa pembezoni jirani na gereza.

Naona sikio lake ndilo lililomwokoa. Alijifunza upya lugha ya vijana wa mitaani, akisaidiwa na Sergio Citti, fundi rangi. Ujuzi huo ukamfikisha kwenye filamu kwa mlango wa nyuma: mwongozaji Federico Fellini alimtumia kunyoosha mazungumzo ya mtaani katika filamu "Le notti di Cabiria" (1957).

Filamu ya kwanza ya Pasolini mwenyewe, "Accattone", kuhusu maisha ya borgata, ilitoka 1961. Kampuni ya Fellini ilitazama picha za majaribio ikajitoa. Mtayarishaji Alfredo Bini ndiye aliyeigharimia. Msaidizi wa Pasolini alikuwa kijana Bernardo Bertolucci, aliyekuja kuwa mwongozaji maarufu. Mhusika mkuu aliigizwa na Franco Citti, mdogo wake Sergio, ambaye hakuwa amewahi kuigiza. Wanaume wanapigana vumbini huku muziki wa kanisani wa Bach ukipigwa, jambo lililowakera wengi. Ajabu ni kwamba sauti tunayoisikia si ya Franco: iliwekwa baadaye na mwigizaji mwingine, kama ilivyokuwa desturi ya studio za Italia.