Je, wajua kwa nini "wengi wape" ina mwisho wake?

Huku kwetu Kigoma vijijini nani hawajui kamchape, wale wanaosema wanafichua wachawi. Wakiitwa, kaya zinachangishwa hela, afu wanapita nyumba kwa nyumba wakichimbuachimbua kutafuta tunguri, na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni bibi anaeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa mkutano ulikaa watu wakanyoosha mikono, wengi wape, si ndo demokrasia?

Hapana ndugu zangu. Mkutano unaamua mambo ya wote, kisima kichimbwe wapi, mwenyekiti awe nani. Nyumba ya yule bibi haikuwa ya mkutano toka mwanzo, kwa hiyo hata mikono 300 haiwezi kuwapa watu ruhusa ya kumvunjia mlango. Ndo maana Hati ya Haki iliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984 na toka 1988 unaweza kuidai mahakamani: ibara ya 13 inasema wote tuko sawa mbele ya sheria, ya 16 inalinda nafsi na maisha yako ya nyumbani, ya 24 inalinda mali yako.

Sasa karatasi inamlindaje bibi? Hapa ndo penye uzito. Mwenyekiti wa kijiji kachaguliwa na watu haohao, akimtetea bibi anajua uchaguzi ujao hana chake, na mbunge naye vilevile, kwa hiyo usishangae wakikaa kimya. Jaji hapigiwi kura na mtu. Yani amewekwa hivyo makusudi, ili siku umati mzima umekasirika awepo mmoja asieogopa kukosa kura, na ibara ya 30 inamruhusu hata mtu mmoja kwenda Mahakama Kuu kudai haki yake.

Na imeshatokea. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi ya mama mmoja wa Kihaya alieuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mtoto wa ndugu yake akapinga kwamba mila hairuhusu mwanamke kuuza. Jaji akasema mila hiyo inagongana na Hati ya Haki, wanawake wauze kwa masharti yaleyale ya wanaume. Ungeitisha kikao cha ukoo siku ile, naamini yule mama asingepata hata mkono mmoja.