Hospitali Ndiyo Iliyomdhuru? Namna Watafiti Wanavyoitafuta Sababu ya Kweli

Katika baraza moja la chifu kule Seme, mama mmoja mzee alisimama akaniambia: "Mwanangu, kila mwaka mnatuhimiza tuwapeleke mabinti zetu hospitali ya rufaa wakajifungue. Lakini mimi nimezeekea hapa, na waliorudishwa kwenye jeneza kutoka huko ni wengi kuliko waliofia nyumbani." Baraza lilinyamaza, nami nilijua kwamba singeweza kumjibu kwa kumwambia amekosea. Alichokiona kwa macho yake kilikuwa kweli. Ni sababu yake tuliyohitaji kuichunguza pamoja.

Nilichukua kijiti, nikapiga hesabu ya mfano chini ya mwembe, nayo naileta hapa kwa sababu ndani yake mna kiini cha somo zima. Tuseme katika lokesheni moja kuna wajawazito 1,000, na 100 kati yao wana dalili za hatari kama vile shinikizo la damu au kuvuja damu. Wale 900 wasio na dalili wengi wao hujifungulia nyumbani, tuseme 800, na 100 tu huenda hospitalini. Wenye dalili hukimbizwa hospitalini 90, wakabaki nyumbani 10. Sasa tuseme kwamba kati ya wale 800 wa nyumbani wasio na dalili, 16 wanapata madhara makubwa, na kati ya wenzao 100 wa hospitalini ni mmoja tu. Kwa wenye dalili, nyumbani wanadhurika 5 kati ya 10, na hospitalini 18 kati ya 90. Ukijumlisha bila kutenganisha, nyumbani wamedhurika 21 kati ya 810, hospitalini 19 kati ya 190, yaani asilimia 10 hospitalini dhidi ya asilimia isiyofika 3 nyumbani. Hospitali inaonekana ni balaa. Lakini rudi uwatazame wenye dalili peke yao, kisha wasio na dalili peke yao: katika kila kundi, aliyekwenda hospitalini alikuwa salama zaidi. Kilichotupotosha ni hatari waliyokuwa nayo kabla hawajapanda bodaboda kwenda huko.

Kwa hiyo mtafiti anayetafuta sababu hujiuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kumtazama mtu mmoja: mgonjwa huyuhuyu, kwa siku ileile, angekuwaje kama asingetibiwa? Hakuna binadamu anayeishi maisha mawili tukayalinganisha. Njia iliyopo ni kutafuta kundi jingine la watu wanaoweza kusimama badala ya yale maisha ya pili, na ubora wa utafiti wote hutegemea kufanana kwa makundi hayo mawili kabla ya tiba kuanza. Tunaweza kuwatenganisha watu kwa umri, kwa kipato, kwa umbali wa zahanati na kwa ukali wa ugonjwa, kama tulivyofanya chini ya mwembe, kisha tukalinganisha wanaofanana. Kazi hiyo ni ya maana, na tafiti nyingi zinazotumia rekodi za hospitali huitegemea. Udhaifu wake ni kwamba hurekebisha kile tu kilichoandikwa kwenye faili.

Hapo ndipo kuwagawanya watu kwa bahati nasibu kunapoingia, na eneo letu la Nyanza lina mfano ambao dunia nzima ya tiba inaujua. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba maeneo ya Afrika ambako wanaume wengi hutahiriwa yalikuwa na maambukizi machache ya virusi vya Ukimwi, ilhali Nyanza, ambako kwa jadi Waluo hawatahiri, ilikuwa imeumia zaidi ya sehemu nyingine zote za Kenya. Je, ni tohara? Au ni dini, desturi za ndoa, biashara ya samaki kwenye fuo za ziwa na safari za barabara kuu? Mambo hayo yote yalitofautiana pamoja, wala hakuna hesabu ambayo ingeyatenganisha kwa uhakika. Kuanzia mwaka 2002, wanaume 2,784 wa Kisumu wenye umri wa miaka 18 hadi 24, ambao wote walikuwa radhi kutahiriwa, waligawanywa kwa bahati nasibu: 1,391 wakapangiwa tohara mara moja, 1,393 wakapangiwa kungoja. Bahati nasibu haijui nani ni mcha Mungu wala nani ni mvuvi. Inawatawanya kwa usawa katika makundi yote mawili, hata kwa sifa ambazo hakuna aliyewaza kuzipima.

Binadamu, hata hivyo, hafuati bahati nasibu kama kete. Baadhi ya waliopangiwa tohara hawakwenda, na baadhi ya waliotakiwa kungoja walijitafutia mahali pengine. Ungeweza kushawishika kuwahamisha katika hesabu, lakini ukifanya hivyo unarudisha upendeleo uleule uliokwisha kuufukuza, maana anayekimbilia tohara na anayeikwepa huenda wanatofautiana kwa mengi. Watafiti walimhesabu kila mmoja katika kundi alilopangiwa kwanza. Hata hivyo tofauti ilikuwa wazi: maambukizi mapya 22 kwa waliopangiwa tohara, 47 kwa waliongoja, hatari ikiwa imepungua kwa asilimia 53. Jaribio lilisimamishwa mapema mwezi Desemba 2006 na waliokuwa wakingoja wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Kinga hiyo si kamili, na kila tunapoisema ni lazima tuseme na hilo.

Wakati mwingine bahati nasibu yenyewe husema chini ya ukweli. Kule Asembo na Gem, katika kaunti ya Siaya, vijiji zaidi ya 200 viligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1990: nusu vikapata neti zilizotiwa dawa, nusu vikangoja. Vifo vya watoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 59 vilipungua kwa asilimia 16 katika vijiji vya neti. Baadaye watafiti waliyachunguza makazi ambayo hayakuwa na neti, wakakuta kwamba yaliyokuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kijiji chenye neti nayo yalikuwa yamekingwa, kwa sababu mbu waliokufa kwa jirani hawakufika kwao. Ina maana kundi la kulinganisha lenyewe lilikuwa limesaidiwa, na asilimia 16 ni makadirio ya chini. Nampenda sana mfano huu, kwa kuwa unaonyesha kwamba katika magonjwa ya kuambukiza tiba ya mmoja haiishii kwake.

Kuna maswali ambayo hatuwezi kuyajibu kwa bahati nasibu. Hatuwezi kumwambukiza mtoto malaria ili tuone kama malaria inafungulia bakteria mlango wa damu. Watafiti wa Kilifi waliligeukia jambo ambalo maumbile yamekwisha kuligawa: mtoto anayerithi jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, na urithi huo hugawika kwa bahati mimba inapotungwa. Waliona watoto hao wakipata maambukizi machache ya bakteria kwenye damu, na kadiri malaria ilivyopungua pwani, ndivyo nafuu hiyo ilivyofifia. Kama jeni hiyo ingekuwa inapigana na bakteria moja kwa moja, nafuu isingefifia.

Kulinganisha kabla na baada kunahitaji tahadhari zaidi. Huduma ya kujifungua bila malipo katika vituo vya serikali vya Kenya ilianza Juni 2013, na mwaka huohuo ugatuzi ukahamishia hospitali kwenye kaunti. Anayelinganisha 2012 na 2014 peke yake anapima mambo mawili kwa rula moja. Anahitaji kituo ambacho hakikuguswa na huduma hiyo ya bure, ili aone mwendo ungekuwaje bila hiyo.

Kabla baraza la Seme halijavunjika, kijana mmoja aliniuliza: "Na wale wa vijiji vilivyongoja, watoto wao walikuwa na kosa gani?" Ni swali la haki. Nilimweleza kwamba tunawagawanya watu kwa bahati nasibu pale tu ambapo kwa kweli hatujui jibu, kwamba kila familia huelezwa na kuridhia kwanza, na kwamba Asembo na Gem, baada ya matokeo kupatikana, vijiji vilivyokuwa vikingoja vilipewa neti mwaka 1999.