Usikate sauti ya mtangazaji: kukusanya rekodi adimu za Msondo

Wengi wanaoniletea kaseti za zamani hapa Dodoma huwa na ombi moja: "Kaka, nisafishie hii, yatoe hayo maneno ya redio, muziki ubaki peke yake." Muziki nitausafisha, lakini maneno ya redio siyatoi. Yale maneno ndiyo cheti cha kuzaliwa cha wimbo, na kwa bendi ya dansi kama Msondo mara nyingi hakuna kingine.

Bendi hii imebadili majina kadiri chama kilichoimiliki kilivyobadilika. Ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 70 chama kikawa JUWATA, nayo ikaitwa Juwata Jazz. Mwaka 1991 ikaja OTTU, na baadaye Msondo Ngoma, jina lililotokana na mtindo wake. Sasa mtu aliyekuwa akirekodi sebuleni kwake Kondoa au Manyoni hakuwa na habari na hayo yote. Juu ya kasha aliandika "Msondo" basi, iwe ni wimbo wa miaka ya 70 au wa miaka ya 90. Kwa hiyo maandishi ya kwenye kasha mimi huyanakili kwa heshima, kisha nayaweka pembeni.

Wanaofanya kazi hii kwa bendi za roki za Uingereza wana pa kuanzia. The Beatles walipotoa Anthology, albamu tatu za mwaka 1995 na 1996, walikuwa na kanda mama, yaani kanda halisi za studio, kwenye ghala la kampuni yao ya muziki, EMI, pamoja na kumbukumbu za studio zinazoonyesha wimbo ulirekodiwa siku gani na ulirudiwa mara ngapi. Huku kwetu bendi iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ikapiga yote kwa pamoja, kanda ikabaki kwa redio na wimbo ukarushwa hewani. Kiwanda cha kuchapa santuri nchini hakikuwepo, tukitegemea Nairobi, na kuanzia 1977 hadi 1983 mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa. Nyimbo nyingi nzuri hazikuwahi kuuzwa dukani kama santuri. Zilisikika redioni, na aliyezipenda alibonyeza kitufe cha kurekodi kwenye redio kaseti yake. Leo tunamtegemea yeye.

Basi unaanzia kwenye sauti. Muhidin Gurumo aliimba NUTA, akaondoka mwaka 1978 kwenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park, mwaka 1985 akahamia bendi ya Safari Sound pamoja na mwimbaji mwenzake Hassani Bitchuka, kisha akarejea Msondo. TX Moshi William alijiunga Juwata miaka ya 80 na akabaki na bendi hadi alipofariki mwaka 2006. Ukiwasikia Gurumo na Moshi ndani ya wimbo mmoja, umeshajua ni baada ya Gurumo kurudi. Ukimsikia Moshi bila Gurumo, dalili inaelekea miaka ya 80, ingawa hapo bado sijasema neno la mwisho. Neno la mwisho nalipata kwa mtangazaji: akitamka "Juwata Jazz Band" hewani, akafuatisha salamu au kichwa kimoja tu cha habari, nina cha kushika. Waziri aliyetajwa, mashindano ya mpira, tangazo la chama: vyote hivyo vina tarehe gazetini.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kasi. Redio kaseti yenye betri zilizochoka huvuta mkanda polepole wakati wa kurekodi, na mkanda huo ukiupiga kwenye mashine nzima unakimbia. Asilimia 6 tu inatosha kupandisha wimbo kwa nusu toni. Mwimbaji wa makamo anageuka kijana, na anayetambua waimbaji kwa masikio anapotea kabisa. Ndiyo maana sihukumu sauti ya mtu kabla sijarekebisha kasi. Kama mashine ya nyumbani ilikuwa kwenye umeme, chini ya muziki mara nyingi kuna mvumo. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo mvumo huo ukipimwa ukasoma 52, mkanda unakimbia kwa asilimia 4. Kama ilitumia betri, nautafuta mlio wa saa kabla ya taarifa ya habari: kati ya mlio na mlio inatakiwa iwe sekunde moja kamili. Aliyekata "kelele za redio" ametupa kipimo hicho pia.

Hali ya hewa ya Dodoma inatusaidia. Kaseti nyingi za pwani hunifikia zikiwa na ukungu mweupe kwenye mkanda, lakini zilizokaa Kanda ya Kati kwa kawaida ni kavu. Adui wetu ni vumbi, na kile kisponji cha ndani ya kaseti kinachokandamiza mkanda kwenye hedi, sehemu ya mashine inayosoma mkanda, ambacho gundi yake hukauka kikadondoka. Kubadilisha kisponji ni kazi ndogo. Baada ya hapo narekebisha skrubu ya pembeni mwa hedi hadi sauti za juu, hasa tarumbeta na matoazi, zifunguke, kwa sababu kila mashine ilirekodi kwa pembe yake. Hatua hii watu wengi huiruka, na hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha baadaye kilichokosekana hapo. Ninahifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24, upande mzima wa kaseti bila kukatwa. Nakala ya kusikilizia gari likielekea Morogoro naitengeneza pembeni, nayo ikatwe upendavyo.

Siuzi nakala hizi. Haki ni za wanamuziki, familia zao na redio.

Ninachokitafuta zaidi sasa ni miaka ya mwanzo ya Juwata, kati ya 1978 na 1982, baada ya Gurumo kuondoka na kabla sauti ya Moshi haijazoeleka. Nyimbo za kipindi hicho ninazo chache, nyingine zimekatika katikati ya solo kwa sababu kaseti iliisha. Kama una kaseti ya mzee wako, usiijaribu kwenye mashine ya zamani iliyolala miaka mingi stoo, maana itaitafuna. Izungushe kwa kalamu taratibu uone kama inakwenda, uifunge kwenye mfuko mkavu, na uandike jina la kijiji au mtaa ilikorekodiwa.