Wino wa rangi kwenye kalamu za brashi: yanayosemwa na ukweli wake

"Wino ni wino tu, tia wowote ulio nao." Kauli hii imeua kalamu za brashi nyingi kuliko mchanga na kuliko watoto wadogo. Naongelea zile za kujaza mwenyewe, iwe za kubinya kama Pentel Aquash, ambazo asili yake ni za kutia maji lakini wachoraji twazitia wino, au za katriji, yaani kile kibomba kidogo cha wino unachopachika ndani ya kalamu, kama Pentel Pocket Brush. Zote zina nywele za nailoni, na nyuma ya zile nywele kuna kijia chembamba sana cha kupitisha wino, kwa hivo chochote kinachokauka kikawa kigumu mle ndani hakitoki tena. Ule wino mweusi wa chupa wa kuchovya, ule waitwao India ink, mwingi una shelaki, ile ile mafundi seremala wanapaka mbao zing'ae. Wa akriliki nao ukikauka ushakuwa plastiki. Yote miwili ni mizuri sana, lakini ni ya brashi unayochovya na kuosha pale pale, si ya kalamu inayokaa na wino tumboni wiki nzima. Cha kutafuta kwenye lebo ni maneno kwamba wino ni wa fauntenipeni, ile kalamu ya nibu inayojazwa wino, huo ndio umetengenezwa ukae ndani ya kalamu.

Sasa wale walioungua na shelaki huja na la pili, ati wino wowote wa pigmenti waziba kalamu. Hapana. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa majini, na kuna ule wa pigmenti ambao rangi ni chembechembe ndogo mno zinazoelea. Platinum Carbon ni wa pigmenti na umetengenezwa kwa kalamu, na ule mweusi wa katriji za Pentel Pocket Brush pia ni wa pigmenti. Ukitaka rangi rangi, De Atramentis wana wino wao wa Document, na Rohrer & Klingner wana SketchINK, zote za pigmenti na zote zaingia kwenye kalamu. Sharti lake ni moja, usiiache ikakaa miezi bila kuchora. Ukijua unasafiri au una mitihani, mwaga, osha, kausha.

Na faida yake ni kubwa, maana hapa ndipo kuna kosa lingine, mtu anadhani wino ukishakauka kwenye karatasi basi ushashika. Wino mwingi wa kawaida wa fauntenipeni hata ukae mwaka, ukipitisha brashi ya maji juu yake unatembea. Wengine twautaka hivo hivo, unachora mlango wa Mji wa Kale hapa Mombasa kwa laini za kahawia halafu unavuta kivuli kwa maji matupu na nakshi zinaanza kutokea, yaani inapendeza mno. Lakini kama mpango wako ni laini kwanza halafu rangi za maji juu yake, bila wino wa pigmenti au uliosemwa wazi kwamba haupitishi maji, utaona laini zako zote zikigeuka tope.

Kuhusu kupauka, watu wengi hawataki kusikia lakini ntasema. Rangi za kuyeyuka nyingi zinaliwa na mwanga, hasa zile waridi na zambarau zinazong'aa mpaka roho inasuuzika. Kwenye kitabu kilichofungwa zitakaa, ila ukutani mbele ya dirisha na hili jua letu ni habari nyingine kabisa. Usimuamini mtu, jaribu mwenyewe: piga mistari ya kila wino ulio nao kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa karatasi ya foili, bandika dirishani, ukirudi baada ya wiki kadhaa fungua ulinganishe. Mchoro wa kuuza usiuchore kabla hujafanya hivi, mteja amelipa pesa yake.

Zile njia za mkato nazo tuzimalize haraka. Rangi ya mkeka iliyokorogwa majini ina punje ambazo hazikuyeyuka, zitaenda kukaa mle kwenye kijia. Rangi ya chakula itatiririka, ni kweli, lakini inapauka na yaota ukungu. Wino wa printa kutoka cyber ni mwepesi kwa hivo unamwagika zaidi ya unavotaka na unasambaa kwenye karatasi kama mizizi. Na piko, tafadhali, piko msitie. Ile ya nywele ina kemikali iitwayo PPD ambayo yashika rangi kwa kukutana na hewa, itaganda mle ndani, na hata kwenye ngozi yenyewe imeunguza watu. Vilevile msigeuze mambo mkachukua wino wa karatasi mkachorea maua mikononi mwa maharusi, haukutengenezwa kwa ngozi.

Halafu maji. "Nimechemsha maji, yako safi." Safi kunywa, sawa. Lakini sisi Mombasa maji mengi ni ya kisima na yana chumvi, na kuchemsha hakuondoi chumvi, tena maji yakipungua kwa mvuke chumvi inazidi ukali. Ukizimua wino wa pigmenti kwa maji ya chumvi zile chembechembe zinashikana, zinakuwa vibonge, zinashuka chini, na wewe utasema wino ulikuwa feki. Tumia maji ya distilled, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari, petroli stesheni yapo, ila soma lebo mara mbili kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo huenda kuna asidi ya betri na hiyo ni hatari. Na zimua kidogo kidogo, unachochorea siku hizo tu, maana ukizimua wino unazimua pia ile dawa ya kuzuia ukungu iliyomo, na joto hili na unyevu huu ukungu hauchelewi. Ukiona nyuzi nyuzi zinaelea au unasikia harufu, mwaga.

Linaloniuma zaidi ni hili la kuvuja, kwa sababu watu wanatupa kalamu nzima. "Imenivujia kwenye begi, hii ni ya bandia." Mara nyingi kalamu haina kosa lolote, ni hewa. Wino ukibaki nusu, nusu iliyobaki ni hewa, na hewa ikipata joto inatanuka na haina pa kwenda isipokuwa kuusukuma wino utoke kwenye nywele. Umepanda matatu saa saba mchana, umepanga foleni ya feri Likoni na begi liko juani, ukifika ng'ambo kifuniko kimejaa wino. Kalamu iliyojaa ina hewa kidogo, kwa hivo yavuja kidogo, na ikiwa imesimama kichwa juu kitakachotoka ni ile hewa yenyewe. Basi ibebe imesimama, imejaa au tupu kabisa, na ukifika ufungue taratibu ukiwa na tishu mkononi.

Ujazaji wenyewe pia una namna. Wengi wanabinya lile tumbo, wanachovya mdomo kwenye chupa, wanaachia, linaingia robo na lililobaki ni hewa tupu, ndio yale yale. Chukua sirinji ya mililita 5 kutoka duka la dawa, toa sindano kama mdomo wa kalamu ni mpana, vuta wino, ingiza mdomo wa sirinji mpaka ndani kisha sukuma polepole huku kalamu imeinama kidogo ili hewa ipite pembeni. Simamisha, funga kichwa bila kubinya, futa, halafu igeuze nywele zitazame chini na usubiri. Dakika chache tu utaona rangi yateremka yenyewe, kwanza kwenye shina la nywele halafu mpaka ncha. Ukikosa subira ukabinya, tone linaanguka katikati ya ukurasa. Na kama umetoka kuiosha, mistari ya kwanza itakuwa ya kupauka kwa sababu ya maji yaliyobaki, chorea karatasi ya pembeni mpaka rangi ikolee.

Nywele zikibaki na rangi hata baada ya kuosha haimaanishi imeharibika, nailoni yashika rangi na kazi inaendelea vile vile. Ila usitie manjano kwenye kalamu iliyokuwa na nyeusi ukategemea manjano safi, kila rangi ipe kalamu yake. Kuosha ni kwa maji ya kawaida na tone la sabuni ya vyombo, ukimaliza suuza mpaka povu liishe lote. Maji ya moto yanapinda nywele na ncha haikai tena.

Kuchanganya wino mwenyewe upate rangi yako inawezekana, lakini si kila wino unapatana na mwenzake, mmoja una asidi mwingine hauna, vikikutana vyaweza kuganda kama uji. Platinum Mix Free imetengenezwa ichanganywe yenyewe kwa yenyewe, na zile Document pia zapatana zenyewe kwa zenyewe. Nje ya hapo changanya kidogo kwenye kichupa, funika, acha mpaka kesho, kisha kiinamishe utazame chini yake. Kama kuna mashapo au utelezi, mchanganyiko huo chorea kwa brashi ya kuchovya.

Na katriji si ya kutupwa ikiisha, ioshe uijaze kwa sirinji hiyo hiyo, hapo utahitaji sindano maana tundu ni dogo, ikate ncha kali kwanza. Mdomo wake ukianza kulegea, ukiitia kwenye kalamu husikii ule mshiko, hiyo sasa ndio ya kubadilisha.